Mpishi wa Uji na Barua ya Wino Mwekundu

Ukitaka kumwona Ildefonsa akikunja uso hadi nyusi zikutane, mwambie maneno matatu tu: "Lete kwa maandishi." Mwaka ule aliyasikia mpaka yakamtokea puani.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kumi na saba kati ya hiyo aliimalizia kwenye jiko la shule ya msingi ya kijiji cha Mukigando, wilayani Ngara, kwenye vilima vya kuelekea Keza. Kila siku ya shule alifika kabla ya mwalimu wa zamu, akawasha kuni, akabandika masufuria mawili makubwa, na ikigonga saa nne uji wa watoto mia sita na ushee ulikuwa tayari. Walimu walimwita Mama Juvenali, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Watoto walimwita Mama Uji, na yeye alijifanya hasikii.

Kugawa uji kulimfundisha mambo ambayo hayamo kwenye daftari la mahudhurio. Alijua nani amelala njaa, kwa jinsi anavyokishika kikombe. Alijua nani ana homa, nani kapigwa nyumbani, nani anamwibia mdogo wake zamu kwenye foleni. Hakuna aliyemtuma kuyajua; yalikuja yenyewe, kama moshi machoni.

Ndiyo maana aliona mapema kwamba Joan hafiki tena kwenye foleni.

Joan alikuwa darasa la tano, miaka kumi na mmoja, mtoto mwenye kiwiko kikali, wa kusukuma wenzake ili awe wa tatu au wa nne. Aliishi na bibi yake, Priscila, nyumba ya pili kutoka kwenye kisima. Mwezi wa tatu alianza kufika wa mwisho, uji umeshafanya utando juu. Mwezi wa nne, siku za Jumanne na Alhamisi hakuonekana kabisa.

"Joan, uji wangu nimetia sumu?" Ildefonsa alimuuliza siku moja.

"Hapana, mama."

"Basi saa nne unakuwa wapi?"

"Kwa Mwalimu Marcel. Nampelekea maji."

Mwalimu Marcel alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mfundishaji wa sayansi, nguo zimenyooka kila siku, sauti ya pili kwenye kwaya ya kigango. Wavulana aliwanunulia mpira wa ngozi. Kila alipopita jikoni alisema "Shikamoo mama" kabla mtu mwingine hajafungua kinywa. Ildefonsa mwenyewe alimpenda, na jambo hilo lilimuudhi kupita mengine yote baadaye: kwamba na yeye alikuwa amempenda.

Alhamisi moja Mwalimu Marcel alisimama kwenye kona ya darasa akaita, "Joan! Ndoo!" Ildefonsa alikuwa anakoroga. Akaona mtoto anakimbia kuja upande wa jikoni, anapita nyuma ya rundo la kuni, anajikunyata hapo chini, magoti yamegusa kidevu.

"Mama Juvenali, hujamwona Joan?" mwalimu aliuliza kwa mbali.

Ildefonsa hakujua ni kitu gani kilichomfanya aseme uongo. "Nimemtuma kwa bibi yake kuchukua chumvi," akasema. Ndani ya uji wa sukari haiingii chumvi, lakini mwalimu hakuwa mtu wa jikoni. Akaita mtoto mwingine, akaenda zake.

Joan hakutoka nyuma ya kuni mpaka kengele ilipolia. Ildefonsa alichuchumaa karibu naye, akamwambia kwa Kihangaza kwamba hana haja ya kusema chochote, ila akitaka kusema, masikio yapo. Mtoto akatikisa kichwa: oya, oya, yaani hapana. Halafu akasema. Alisema kwa maneno machache, akiangalia chini, namna mtu anavyotaja kosa lake mwenyewe. Kwamba mwalimu anafunga mlango. Kwamba anamshika. Kwamba alimwambia akisema atafelishwa, na hakuna atakayemwamini. Kwamba si yeye peke yake.

Uji ulianza kufurika na kuzima moto. Ildefonsa hakuinuka.

"Hukukosea kitu," alimwambia. "Unanisikia? Hata kidogo. Na kuanzia leo saa nne wewe ni msaidizi wangu. Ukiitwa na nani sijui, uko na mimi."

Siku hiyohiyo, hata aproni hajaivua, aliingia ofisi ya mwalimu mkuu. Mwalimu Gervasi alikuwa mtu wa taratibu. Kwenye meza yake kalamu zilipangwa kwa rangi. Alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama Juvenali, wewe umeona kwa macho yako?"

"Mtoto kaniambia."

"Kakuambia. Haya. Hili ni jambo zito sana, linagusa utumishi wa mtu. Mimi siwezi kulishughulikia kwa maneno ya mdomo. Lete kwa maandishi."

"Mwalimu, mtoto yuko hapo nje. Muite umuulize."

"Lete kwa maandishi, mama. Taratibu."

Ildefonsa aliishia darasa la saba, tena zamani. Jioni ile aliomba karatasi kwenye daftari la mjukuu wake, akakaa mezani na mumewe Audax akimmulikia kwa simu kwa vile betri ya sola ilikuwa imekwisha. Audax, mtu mpole asiyependa maneno na watu, alisoma kila mstari ukitoka, akiguna. "Utatuletea matatizo," alisema. Kisha akasema, "Hapo andika na siku zenyewe. Jumanne na Alhamisi."

Asubuhi aliikabidhi barua. Mwalimu Gervasi aliisoma akiwa amesimama. Halafu, kwa mazoea ya miaka ishirini na mitano ya ualimu, mkono wake ukachukua kalamu nyekundu. Ildefonsa alisimama pale akitazama barua yake inasahihishwa. Alikuwa ameandika "mwarimu". Mkuu akazungushia duara, akaandika juu yake "mwalimu". Alikuwa ameandika "anafunga mrango"; duara, "mlango". "Kumretea maji", duara, "kumletea". "Arafu", duara, "halafu". Mwishoni mkuu akatia tarehe na saini ndogo, kama anavyofanya kwenye insha za watoto, akamrudishia.

"Iandike upya iwe safi. Barua ya ofisi haiwezi kwenda hivi."

"Lakini umeielewa?"

"Nimeielewa, ndiyo."

"Basi kama umeielewa, mwalimu, si inatosha?"

"Mama Juvenali."

Akaiandika upya. Hiyo safi mkuu aliipokea, akaiweka kwenye faili, faili likaingia kabatini, kabati likafungwa. Ile yenye wino mwekundu Ildefonsa aliikunja mara nne akaiweka kwenye kibweta chake cha vitenge. Hakuwa na sababu. Ilimuuma tu kuitupa, maana aliitolea jasho.

Wiki ikapita. Hakuna aliyemuita Joan, hakuna aliyemuuliza Marcel. Ildefonsa alipouliza, aliambiwa linashughulikiwa. Akaenda kwa mtendaji wa kijiji, Bernardo, ambaye ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la mahindi. Bernardo alimwambia hilo ni suala la shule, na kwamba barua ikitoka shuleni yeye ataipokea, ila isipotoka shuleni, yeye ni nani wa kuruka mamlaka?

"Na shule inasema linashughulikiwa."

"Basi linashughulikiwa. Unataka nini tena?"

"Nataka mtu mmoja amuulize mtoto! Mmoja tu! Hata ukiwa wewe!"

"Punguza sauti, mama, hii ni ofisi."

Alirudi akipanda kilima na kujibishana na hewa. Kwa hasira ile aligundua kitu ambacho angeweza kukifanya bila kibali cha mtu. Kesho yake, kila msichana wa darasa la tano na la sita aliyefika kuchukua uji aliambiwa neno moja: ukiitwa kupeleka maji nyumbani kwa mwalimu yeyote, pita jikoni kwanza. Ikawa saa nne jiko limejaa wasichana wanasugua masufuria ya akiba. Yalisuguliwa yakang'aa, yakasuguliwa tena yakiwa yanang'aa.

Siku ya tatu Mwalimu Marcel alikuja mwenyewe, tabasamu mbele.

"Shikamoo mama. Naona siku hizi una wasaidizi wengi."

"Marahaba. Sufuria zina masizi."

"Mbona nyeupe hizi?"

"Wewe unaona nyeupe," Ildefonsa alisema, bila kuacha kukoroga. "Maji yako utachota mwenyewe, mwanangu. Una mikono."

Tabasamu lilikaa pale pale, lakini macho yaliondoka. Hakumwamkia tena tangu siku hiyo.

Jambo lililomkata maini zaidi lilikuwa Priscila. Alimwendea mara mbili. Mara ya kwanza bibi yule aliendelea kumenya mihogo kana kwamba hakuna mtu mbele yake. Mara ya pili alisema, "Tumeshayamaliza. Usiniletee maneno nyumbani kwangu."

"Mmeyamaliza na nani?"

"Tumeyamaliza."

"Priscila, mtoto wako analala anaweweseka, Joan mwenyewe kaniambia!"

"Nenda nyumbani, Mama Juvenali."

Ildefonsa aliondoka akimwona ni mwanamke mwenye roho ya jiwe, na alisema hivyo kwa Audax, na kwa kuku, na kwa mtu yeyote aliyekuwa tayari kumsikiliza njiani.

Kisha, Jumatatu moja mwezi wa sita, nyumba ya Mwalimu Marcel ikawa imefungwa kufuli na pipa lake la maji limepinduliwa. Hakuna aliyesema alikokwenda. Wiki mbili baadaye Mwalimu Gervasi alikuja jikoni mwenyewe, jambo lisilo la kawaida, uso umechangamka kama mtu aliyetua mzigo.

"Umeona, Mama Juvenali? Ulikuwa na haraka. Tatizo limekwisha. Amepata uhamisho."

"Uhamisho wa wapi?"

"Biharamulo. Shule moja mbele ya Nyakahura."

Ildefonsa alisimamisha mwiko. "Huko hakuna watoto?"

Mwalimu mkuu hakuelewa swali.

"Nauliza, mwalimu. Huko alikopelekwa, shule yao haina watoto? Wanafundisha ng'ombe?"

"Sasa mama, hilo ni la huko."

Alimaliza kugawa uji siku hiyo kwa sababu watoto hawakuwa na kosa. Jioni aliomba ruhusa ya siku tatu. Mwalimu Gervasi alimwambia, naam, alete kwa maandishi. Ildefonsa akachana kipande cha karatasi pale pale, akaandika, "Naenda Nyakahura. Mama Juvenali atarudi Ijumaa," akakiacha mezani juu ya kalamu zilizopangwa kwa rangi. Audax alimpa nauli bila kuulizwa na kumwambia atapika uji yeye. "Utauunguza," Ildefonsa alisema. "Nitauunguza," Audax alikubali.

Alipanda pikipiki hadi Rulenge, akapata gari hadi Benako, na kutoka hapo akaomba nafasi kwa dereva wa lori la mchele hadi Nyakahura, akashukia sokoni mchana jua likiwa kali. Shule aliyoitafuta ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa mguu, pembeni ya malisho. Hakwenda ofisini. Alifuata moshi.

Mpishi wa pale aliitwa Clotilda, mwanamke mnene wa maneno mengi, Mzinza, Kiswahili chake kikiwa na lafudhi tofauti na ya Ildefonsa. Walisalimiana, wakaulizana kuni hupatikana wapi, unga huletwa na nani, wakacheka kuhusu mafiga yanayotoa moshi. Halafu Ildefonsa akauliza, "Huyu mwalimu wenu mgeni, maji yake anachotewa na nani?"

Clotilda aliacha kucheka. "Kwa nini unauliza?"

"Wewe nijibu kwanza."

"Wasichana wa darasa la sita. Watatu, kwa zamu. Amewabandikia na karatasi ukutani." Akaweka upawa chini. "Dada, unatoka wapi wewe?"

Ildefonsa alimweleza yote. Clotilda hakumwambia alete kwa maandishi. Alisikiliza mkono mdomoni, na alipomaliza kusikiliza alisema kwamba mmoja wa wale watatu ni binti wa dada yake, akafungua aproni, akaitupa juu ya kuni, akamshika Ildefonsa mkono wakavuka uwanja.

Mwalimu mkuu wa pale alikuwa mwanamke, Mwalimu Suzan, mwenye sauti ndogo. Aliwakaribisha wakae. Alisikiliza. Na mwisho akasema neno ambalo lilimfanya Ildefonsa atake kupiga meza: "Una chochote kilichoandikwa, mama?"

Ildefonsa akafungua kanga kiunoni akaitoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani kwa kishindo. "Kimeandikwa na kusahihishwa," alisema. "Kama kuna kosa lililobaki, kalamu si unayo?"

Mwalimu Suzan aliisoma pole pole. Akaigeuza. Akairudia. Kidole chake kikasimama chini.

"Huu wino mwekundu ni wa nani?"

"Wa mkuu wangu."

"Na hii saini na tarehe, ni yake?"

"Ni yake. Hivyo ndivyo anavyofanya, hata kwenye insha."

"Tarehe tisa mwezi wa tano," Mwalimu Suzan alisema, kama anajisemea mwenyewe. "Aliisoma yote, mpaka akarekebisha 'mlango'. Na mwezi uliofuata akamruhusu mtu aje kwangu bila kuniambia." Akainuka, akatoka nje. Walimwona kupitia dirishani akienda darasa la sita. Alirudi na ile karatasi ya zamu ya maji, pembe zake zimechanika kwenye misumari, majina matatu yameandikwa kwa mwandiko mzuri. Akaziweka karatasi mbili pamoja, akachukua simu, akampigia afisa ustawi wa jamii, akiwa bado amesimama.

Kesho yake walikuwa kituo cha polisi, Biharamulo mjini, dawati la jinsia na watoto. Aliyewapokea alikuwa askari wa kike, Afande Ngassa, mwenye mtoto mchanga aliyemwacha kwa msichana wake wa kazi naye akawa anatazama saa mara kwa mara. Ildefonsa alikaa, akachungulia dawati akitafuta karatasi tupu. Alishazoea.

"Naandikia wapi?" aliuliza.

"Huandiki wewe," Afande Ngassa alisema. "Wewe eleza tu, kwa namna unayoweza. Kuandika ni kazi yangu."

Ildefonsa, ambaye hakuwa amelia hata mara moja tangu mwezi wa tano, alishindwa kuanza. Afande akasubiri, akaacha hata kuangalia saa.

Ila raha haikudumu. Alipomaliza, afande alimweleza kwamba kosa alilotendewa Joan lilitokea Ngara, kwa hiyo jalada la mtoto huyo litafunguliwa Ngara. Ildefonsa akainuka kitini. "Haya tena! Huku mnasema kule, kule wanasema huku..." Afande Ngassa aliinua mkono. "Sijakutuma wewe, mama. Nitaongea nao mimi, na jalada nitalifuatilia mimi. Wewe nisaidie kitu kimoja. Namhitaji mlezi wa mtoto. Bibi yake akikataa, tutachelewa sana."

Kwa hiyo Ijumaa, badala ya kwenda kwake kuoga vumbi la safari, Ildefonsa alinyooka hadi kwa Priscila. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alisimama mlangoni akaanza kwa sauti ya juu kwamba ana namba ya afande, na kwamba kama kuna mtu anadhani mambo haya yanamalizwa kwa kunywa pombe ya ndizi na mtendaji, basi...

"Ingia ndani," Priscila alisema. "Watu wanasikia."

Ndani, Priscila alikaa kwenye kigoda na kushika magoti yake. "Unanidhani mimi nina roho mbaya," alisema. "Mama yake Joan ulimjua?"

"Alikuja hapa akiwa binti. Kutoka ng'ambo."

"Kutoka Burundi. Mwanangu alimwoa bila cheti, bila chochote. Mwanangu amekufa, mkwe wangu amerudi kwao, mtoto kabaki. Hana cheti cha kuzaliwa. Bernardo alikuja hapa, akakaa hapo ulipokaa. Akasema mambo ya polisi ni marefu, polisi wakija watauliza kila kitu. Watauliza huyu mtoto ni raia wa wapi. Akaniuliza, 'Bibi, unataka wamchukue?'"

Hasira aliyoibeba Ildefonsa tangu Nyakahura ilibaki bila mtu wa kuitupia. Akaigeuza geuza, ikarudi na kumkalia mwenyewe. Zaidi ya mwezi amepita njia hii akimwita huyu mama jiwe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe unaongea sana."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Ildefonsa alitoa simu, akampigia Afande Ngassa, akaiweka kwenye sauti ya nje. "Afande, mtoto akiumizwa, mnamuuliza kitambulisho?"

"Namuuliza jina lake na umri wake," sauti ilisema, na nyuma yake kichanga kikalia. "Mtoto ni mtoto. Aliyemwambia bibi vinginevyo nitataka kujua jina lake pia. Bibi yuko hapo?"

"Nipo," Priscila alisema, na akaisogelea simu kama mtu anayeota moto.

Joan alitoa maelezo yake wiki iliyofuata, Priscila kakaa kushoto, afisa ustawi kulia, Ildefonsa nje kwenye benchi akivunjavunja kijiti vipande vidogo. Wasichana wengine wawili wa Mukigando walijitokeza kabla ya mwezi kwisha, na mmoja wa Nyakahura. Mpwa wa Clotilda, kwa bahati, alikuwa hajafikia zamu yake. Mwalimu Marcel alikamatwa darasani kabla ya kipindi cha pili. Kwaya ya kigango iligawanyika kwa sababu yake, nusu wakisema amesingiziwa, na Ildefonsa akahama benchi kanisani ili asikae nyuma ya wanaosema hivyo.

Kesi ilikula mwaka mzima. Iliahirishwa mara nne: wakili wa utetezi alikuwa safarini, wakili alikuwa mgonjwa, shahidi wa utetezi hakuonekana, wakili alikuwa safarini tena. Kila mara Ildefonsa, Priscila na Joan waliamka alfajiri kwenda Ngara mjini na kurudi jioni na vumbi lilelile. Mwalimu Gervasi aliitwa kama shahidi. Alionyeshwa barua, akaulizwa kama anautambua mwandiko mwekundu. Alivua miwani, akaifuta, akasema anautambua. Aliulizwa baada ya kusahihisha alifanya nini. Alisema alifuata taratibu. Aliulizwa zipi. Hapo alivua miwani tena, akaifuta na kuifuta hadi karani akainua kichwa.

Marcel alitiwa hatiani, akafungwa miaka mingi. Gervasi alivuliwa ukuu, akarudi kushika chaki shule nyingine, na kabla hajaondoka alipita jikoni. Ildefonsa alidhani amekuja kuomba msamaha. Badala yake alisema, "Mama Juvenali, sikujua mambo yangefika huku." Ildefonsa alimtazama mpaka akaondoka. Bernardo aliandikiwa onyo na bado ni mtendaji. Jambo hilo usilitaje mbele ya Ildefonsa kama una safari ya haraka. Joan alipatiwa cheti cha kuzaliwa baada ya kuzungushwa miezi mitano. Sasa yuko darasa la saba, amekuwa na mdomo mchafu, anabishana na kila mtu, anachelewa, na juzi alimwambia Priscila kwamba hapiki tena ugali kwa kuwa yeye si mtumishi. Usiku wa nadra bado anaweweseka. Priscila huja kumlalamikia Ildefonsa, nao hukaa kibarazani wakilalamika pamoja, wawili wenye umri mkubwa wasiojua la kufanya na mtoto aliyepona nusu.

Shule ilipata mkuu mpya na kanuni mpya, imebandikwa mlangoni: mtoto haendi nyumbani kwa mwalimu, si kwa maji, si kwa kuni, si kwa madaftari. Walimu walinung'unika wiki mbili. Ildefonsa alidhani limekwisha.

Mwezi uliopita amekuja mwalimu kijana, bado ana vumbi la chuo, na siku yake ya pili tu, saa nne kasoro, akamwita mtoto wa darasa la nne na kumpa ndoo. Pengine hakuwa na nia mbaya hata chembe. Pengine hakusoma mlango. Ildefonsa alikuwa katikati ya kukoroga, na uji ukiwa katikati hauachwi. Aliuacha. Alivuka uwanja na mwiko mkononi, unga unadondoka nyuma yake, akampokonya mtoto ndoo, akamkabidhi mwalimu.

"Mama, kuna nini?" kijana aliuliza, ameduwaa. "Si maji tu?"

"Njoo mlangoni," Ildefonsa alisema. "Kusoma unajua? Basi njoo usome kwa sauti, na mimi nisikie."

Alimsimamisha pale, akamsomesha kanuni yote mpaka nukta ya mwisho, madarasa mawili yakichungulia madirishani. Aliporudi jikoni moshi ulikuwa mweusi. Uji uliungua wote, sufuria zote mbili, na watoto waliunywa hivyo hivyo, wakilalamika hadi saa nane.